Wadudu wa mikia mitatu wamepotea chini ya mawe. Maji yameharibika au ni mie?

MchichaMuheza aliuliza:

Habari za humu ndugu zangu. Mie nalima mchicha na mnavu kando ya kijito kimoja kinachomwaga maji mto Zigi, upande wa Muheza. Kijiji sikitaji, mbele mtaona kwa nini.

Nikiwa darasa la tatu babu alinifundisha kutafuta chambo. Unaingia kivukoni maji yakiwa magotini, unachagua jiwe bapa, unalipindua upesi kabla waliopo hawajakimbilia upande wa pili. Hapo unawaona: bapa, rangi ya tope, macho juu ya kichwa, mikia mitatu myembamba kama nywele. Ubavuni wana vijani vidogo vidogo vinavyopepea. Watano kwenye ndoana, kambale hana ujanja. Sisi tuliwaita "wa mikia mitatu" basi, jina jingine hatukuuliza.

Juzi mwanangu wa miaka tisa kaniambia, baba nifundishe kuvua. Nikampeleka kivuko kile kile. Tumepindua mawe 31, yeye ndiye aliyekuwa akihesabu. Hakuna hata mmoja. Chini ya mawe kuna utelezi wa kijivu kama makamasi, unanuka. Kwenye tope la pembeni kuna viminyoo vyekundu damu, vinajikunja na kujikunjua, na funza weupe wenye mkia mrefu kuliko mwili. Mtoto akauliza, "Baba, hawa ndio chambo?" Nikakosa la kumjibu.

Juu yetu, mwendo wa nusu saa kwa mguu, kuna korona la mkonge, yaani mtambo wa kusaga majani yake. Lilikuwa limelala miaka mingi, mwaka juzi likaamka. Maji yake ya kijani yanateremka mtaroni hadi kijitoni, siku nyingine na povu. Tulilalamika. Wakaja watu na chupa, wakachota Jumapili asubuhi, siku ambayo korona halisagi. Majibu yakarudi: maji yamo ndani ya viwango. Barua ikasomwa mkutanoni, mwenyekiti akafunga ajenda.

Naomba kuuliza wanaojua. Wadudu kupotea ni ushahidi wa kitu, au nikisimama mkutanoni na habari za chambo nitachekwa?

---

WajaLeo:

Utachekwa mkuu 😂 Wadudu wanahama, joto la mwaka huu nalo si la kawaida. Subiri masika, mto ukijaa kila kitu kitarudi chenyewe. Mkonge umekuwepo Tanga tangu 1893 na watu hawajafa.

---

MzeeWaSinia:

Huyo wa hapo juu mwaka kaupatia, mengine kayakosa. Mkonge ulifika 1893 kweli, Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Ila mche haukuchafua mto wowote. Kinachochafua ni kusaga majani na maji mengi halafu kuyaachia yale maji yaende yanakotaka. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa, yaani nyuzi zenyewe, ni kilo 4 hivi. Zilizobaki zote ni nyama ya jani na utomvu. Jiulize zinakwenda wapi.

Sasa mwanangu, nikujibu wewe. Mimi si msomi. Nilibeba ndoo, nyavu na masinia ya watafiti kule Amani kwa miaka 14, nikazeeka kwenye mito ile. Majina ya Kilatini yaliingia sikio moja yakatokea la pili, lakini wadudu wenyewe nawajua kwa sura kama ninavyowajua wajukuu.

Wale wako wa mikia mitatu ni watoto wa mdudu mwenye mbawa anayeishi nje ya maji kwa siku moja, pengine mbili, bila kula chochote. Maisha yake yote ya kabla ya hapo, wiki na wiki, ni chini ya jiwe. Vile vijani vinavyopepea ubavuni ni matamvua yake, kama ya samaki. Anavuta hewa iliyoyeyuka majini, na hewa hiyo ni kidogo hata kwenye maji mazuri: yakiwa na nyuzi 20 lita moja hubeba kama miligramu 9 za oksijeni, yakipanda hadi 30 inabaki 7 na nusu. Ukimwaga uozo wa mkonge, bakteria wanashangilia, wanaula, na wanapoula wanavuta oksijeni ile ile. Huo utelezi wa kijivu unaosema ni kama makamasi ndio wao, wamejikusanya wakajishika kwenye mawe. Nimeuona chini ya mitaro mingi. Ukiuona, mdudu wa mikia mitatu usimtafute.

Viminyoo vyekundu si minyoo, ni mabuu ya mbu asiyeuma. Wekundu ule ni kitu cha aina moja na kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, kinamsaidia kushika hewa kidogo iliyopo topeni. Na funza wa mkia mrefu ana akili kuliko wote, maana mkia ule ni mrija. Anauchomoza juu ya maji anavuta hewa ya nje, kama mtu aliyezama na mwanzi mdomoni. Yeye maji yakifa hayamhusu.

Kwa hiyo wale wenye chupa huenda hawakukudanganya. Maji ya Jumapili asubuhi yalikuwa mazuri kwa Jumapili asubuhi. Chupa inajua saa moja. Mdudu chini ya jiwe alikuwepo Jumatatu, Jumanne, na ule usiku waliofungulia mtaro watu wamelala. Hana miguu ya kukimbilia Muheza mjini. Akiwepo, maji yalimvumilia miezi yote hiyo. Asipokuwepo, uliza nini kilipita.

Lakini kusema "hawapo" hakutoshi, hapo mwenyekiti atakumaliza. Nenda ukapime sehemu mbili au tatu: juu ya korona, chini yake, na kivukoni kwako. Sehemu ziwe zinafanana, mawe kwa mawe, kasi kwa kasi. Ukilinganisha mawe ya juu na tope la chini umejidanganya mwenyewe.

Vifaa: beseni jeupe au sinia jeupe, kijiko cha plastiki, na chujio la tui lenye mpini, lile pana. Tafadhali usitumie chandarua. Chenye dawa kinaua wadudu wa majini, utawakuta wamekufa ukadhani ni korona. Simama ukiangalia unakotoka maji, chujio nyuma ya miguu yako, chimbachimba mawe kwa kisigino dakika tano, yasugue kwa mkono, tikisa na majani ya ukingoni. Mwaga kwenye beseni lenye maji masafi kidogo, kisha kaa kimya. Hii ndiyo sehemu watu wanashindwa. Dakika ya kwanza utaona takataka tupu. Dakika ya tatu takataka zinaanza kutembea.

Unachohesabu ni aina, si idadi. Mmoja wa mikia mitatu au mia moja, ni aina moja. Watafiti wana kipimo chetu cha kupima afya ya mto kwa wadudu wake, kiitwacho TARISS, kilichotengenezwa na Dk. Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake kwa kufuata kile cha Afrika Kusini, lakini kinataka utambue familia moja moja na hiyo ni kazi ya aliyesomea. Sisi wa sinia tunatumia mdogo wa hicho cha Afrika Kusini, miniSASS, aina 13 tu, kila moja na alama zake. Jumlisha, gawa kwa idadi ya aina ulizopata; jibu likiwa kubwa, mto una afya.

Mwenye alama kubwa kuliko wote, 17, ni mdudu wa mikia miwili. Mtazame vizuri usimchanganye: mikia miwili minene, kucha mbili kila mguu, na matamvua yake yako kwapani, kama mtu aliyesahau kunyoa. Wa mikia mitatu bapa wako ni 11. Kuna wa mikia mwingine mwembamba anayechupa kama kisamaki, huyo mvumilivu, 5. Mjenga nyumba, anayejishonea kibanda cha mchanga au vijiti au anayetega wavu kwenye jiwe, 9. Kaa na uduvi 6, kereng'ende mnene 6, kereng'ende mwembamba mwenye majani matatu mkiani 4, kunguni maji na mende maji 5, konokono 4, mnyoo bapa 3. Ruba 2, minyoo 2, na mabuu yote ya mbu na nzi 2.

Hapo kwenye mabuu mimi na kipimo hicho hatupatani. Buu wa usubi yumo kwenye hiyo 2, wakati anataka maji yanayokimbia. Kule Usambara Mashariki yuko usubi anayelea mabuu yake juu ya mwili wa kaa wa mtoni, tulikuwa tukiwageuza kaa kimoja kimoja kuwatafuta. Basi, nisiwachoshe.

Na masika usipime. Mafuriko yanafagia wasafi na wachafu pamoja, subiri mto utulie wiki kadhaa. Sasa hivi, kiangazi, ndiyo wakati wako.

---

MuuguziZamu:

Shikamoo mzee. Nimejifunza mengi, ila naomba niweke breki kidogo kabla kaka hajaanza kunywesha watoto maji ya juu ya korona kwa sababu yana mdudu wa alama 17.

Wadudu hawajui kuhara. Choo kimoja kikivuja juu ya kijito, vimelea vya taifodi au kipindupindu vinaweza kushuka na mdudu wa mikia miwili asishtuke hata kidogo, kwa sababu hewa yake iko pale pale. Sinia linakwambia mto una afya au mgonjwa. Halikwambii kikombe ni salama. Chemsha, au tia dawa ya maji, hata kama beseni limejaa wadudu wazuri.

Lingine ni kichocho. Konokono wa majini unaowapa alama 4, baadhi yao ndio wanaobeba vijidudu vyake, na ukanda wetu huu kichocho cha mkojo kipo. Vijidudu hutoka kwenye konokono zaidi jua likiwa kali, kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Nenda mapema asubuhi, vaa mabuti ya mpira, na mtoto asimame ukingoni ashike beseni. Pale maji yamesimama na konokono wengi, usichezee. Mkishaingia majini mara nyingi na mtoto akaanza kukojoa damu, msisubiri, kituoni kuna prazikwanteli, dozi tunaipima kwa uzito au urefu wa mtu.

---

MtuWaAmboni:

Nami niongeze la huku kwetu. Kuna mtu alikuja na kipimo hicho hicho karibu na chemchemi za Galanos, kapata sifuri, kapiga kelele kuwa mto umeuawa. Kaka, pale maji ya salfa yanatoka ardhini yenyewe, yananuka mayai viza tangu kabla ya mkonge wenyewe. Mdudu gani atakaa? Chini zaidi kuelekea bahari bamvua linapandisha chumvi, nako wa mikia mitatu hakai. Na mto wa mchanga una alama zake za kulinganishia, tofauti na mto wa mawe. Kwa hiyo sehemu yako ya juu ndiyo hakimu. Kama hata juu ya korona hakuna kitu, korona huliwezi.

Ukipata matokeo usiishie kwa mwenyekiti. Zigi iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, andika barua, weka na picha za sinia. Hili ni bonde ambalo maji yake yanaingia bwawa la Mabayani na mji mzima wa Tanga unakunywa, hawawezi kukwambia ni jambo la kijiji. Tena huko juu wapo wakulima wa UWAMAKIZI, umoja wa wanaohifadhi mito ya Kihuhwi na Zigi, watafute, wamezoea barua hizi.

Na kabla hujaandika, pima mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, ndani ya hizo mita hakutakiwi shughuli ya kuharibu. Hakikisha wewe mwenyewe hauko ndani yake, maana wenye korona nao wana wanasheria.

---

MchichaMuheza:

Nimerudi. Samahani kwa kimya, simu ilianguka kwenye beseni, si utani.

Tumepima siku mbili, mimi, mwanangu na shemeji yangu aliyekuja kucheka akaishia kushika chujio. Saa moja asubuhi, mabuti miguuni, mtoto ukingoni kama dada muuguzi alivyosema.

Kwanza juu ya korona, kwenye kivuli cha mikuyu. Mzee, yuko! Wa mikia miwili, wa manjano na madoa meusi mgongoni, na kwapani ana manyoya kweli. Mwanangu alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Wa mikia mitatu bapa wako, wengi. Wachupaji, mjenga nyumba wa mchanga, kaa mmoja aliyemfinya shemeji, kereng'ende mnene, mende maji, konokono, na mabuu meusi yamejipanga jiweni kama kichana, nadhani ndio usubi wako. Aina tisa, jumla 65. Nikigawa napata 7.2.

Chini ya mtaro, hatua 200 hivi: minyoo, ruba, konokono, mabuu mekundu na funza wa mkia. Jumla 10 kwa aina nne, yaani 2.5. Maji yanawasha mikono. Tulipochimba kwa kisigino yalipanda mapovu yenye harufu ya tumbo la ng'ombe. Shemeji hapo aliacha kucheka.

Mpaka hapo nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Kisha kivukoni kwangu: minyoo, mabuu, konokono, kereng'ende wote wawili, kunguni maji, na wachupaji wachache. 28 kwa aina saba, 4 kamili. Nikasema sawa, mto umeanza kupona lakini haujafika.

Mwanangu ndiye aliyeniharibia. Akasema, baba, tupime na pale juu ya bata.

Sikuwaambia kuhusu bata kwa sababu sikuona wanahusika. Nina bata 60 na ushee, banda liko ukingoni, nililijenga pale makusudi ili wajiogeshe na kinyesi kiondoke chenyewe. Kivuko kiko chini yao hatua 40. Basi tukapanda hatua 100 juu ya banda, mawe yale yale, kasi ile ile. Tumepata wote wa kivukoni, na juu yao mjenga nyumba, na wa mikia mitatu. Wale wa babu. Wawili tu kwenye beseni zima, wadogo, lakini wapo. 48 kwa aina tisa, 5.3.

Nimekaa nalo hilo siku mbili kabla ya kuandika hapa. Korona limeutoa mto kwenye 7.2 likauweka 2.5, hilo halina mjadala na barua ya Bodi ya Bonde tayari nimeiandika, namba zote nne zimo, na hiyo yangu imo. Shemeji alinishauri niifute. Nikamwambia nikiifuta, siku wakija na sinia lao wataikuta. Na mita 60 nimezipima kwa kamba: banda liko mita 3.

---

MzeeWaSinia:

Marahaba kwa wote walionisalimia. Umefanya vizuri kuiacha namba yako. Kuhusu wale wawili wadogo, usiwavulie samaki mwaka huu. Na yule wa kwenye mikuyu, picha ya kwapa lake niitumie, macho yangu yamechoka lakini ile nitaiona.

---

MchichaMuheza:

Nakutumia leo jioni, mzee wangu. Bata wanahamia nyuma ya nyumba Jumamosi, nawachimbia kidimbwi na maji yake yataishia kwenye migomba. Nahitaji mabanzi kama 40 ya banda jipya. Aliye Muheza mjini au Amani anayejua yanauzwaje siku hizi anijuze, na kama usafiri umo kwenye bei.